Kuachishwa kazi kwa matumizi binafsi ya intaneti: maana yake na kinachopaswa kuthibitishwa

Kuachishwa kazi kwa matumizi binafsi ya intaneti ni kusitishiwa ajira kwa madai kwamba mfanyakazi, ndani ya saa za kazi au kwa kutumia vifaa na mtandao wa ofisi, alikuwa akifanya mambo yake. Kuperuzi Instagram, kuchati WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisi, kupakua filamu, kutazama mpira mubashara, kuweka mikeka ya kubeti, kuuza nguo mtandaoni, kuandika kazi ya chuo: yote hutiwa kapu moja. Tatizo huanzia hapo, kwa sababu sheria za kazi za Tanzania na Kenya hazina kosa linaloitwa "kutumia intaneti". Mwajiri anayeandika hivyo kwenye barua, akaishia hapo, hajataja kosa bado.

Lazima aseme madhara yake ni nini. Inaweza kuwa muda: wateja wamekaa foleni, taarifa ya mwezi haijakamilika, na mhusika yuko kwenye video. Inaweza kuwa gharama, pale ofisi inaponunua data kwa kipimo na filamu za mtu mmoja zinamaliza bando la wiki. Inaweza kuwa usalama: mtu amesakinisha programu iliyonakiliwa bila leseni, virusi vikaingia, mafaili ya hesabu yakafungwa. Au ni uaminifu, kwa mfano mtu kujaza fomu kwamba alikuwa kwa mteja wakati alikuwa ofisini akiendesha biashara yake. Na kuna maudhui yenyewe, kama ponografia au ujumbe wa kumdhalilisha mwenzake, ambapo jambo linaweza kuvuka nidhamu ya ofisi likaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Makosa haya hayalingani uzito. Aliyesoma habari za michezo dakika 10 na aliyeingiza virusi kwa kupuuza katazo hawawezi kupewa adhabu moja kwa kuwa tu wote "walikuwa mtandaoni".

Simu ya mkononi yenye bando la mwenyewe nayo itazamwe peke yake. Hapo mwajiri hawezi kudai mali yake imetumika vibaya. Kinachobaki ni muda, na pengine usalama kama eneo la kazi linakataza simu, mfano karibu na mitambo au kituo cha mafuta.

Kwa Tanzania, msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Usitishaji unakuwa halali pale tu sababu ni ya haki na utaratibu ni wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Kanuni zinauliza: je, mfanyakazi alivunja kanuni ya mwenendo kazini? Kanuni hiyo ni ya busara, iko wazi, haina utata? Alikuwa anaijua? Imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo? Na je, kuachishwa kazi ni adhabu inayolingana na kosa?

Maswali mawili ndiyo huwaangusha waajiri wengi katika mambo ya intaneti. La kwanza ni kujua kanuni. Sera ya TEHAMA (kompyuta na mawasiliano ya ofisi) iliyofungiwa kabatini, au iliyotumwa kwa barua pepe mara moja kwa lugha ambayo walinzi na makarani hawaisomi vizuri, ni vigumu kusema mfanyakazi aliijua. Sera inayofaa husainiwa na kila mtu na kutaja mambo kwa majina: tovuti zipi zimekatazwa, matumizi kidogo wakati wa chakula yanaruhusiwa au la, nani ana ruhusa ya kusakinisha programu, na kwamba mtandao unafuatiliwa. Maneno kama "matumizi yasiyofaa" peke yake hayatoshi; kila mtu ana tafsiri yake. La pili ni usawa. Idara nzima ikiwa inatazama mechi pamoja na meneja, kisha mmoja anaondolewa, sababu halisi itatafutwa kwingine.

Kanuni hizo pia zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa ithibitike ni zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike. Makosa yanayotajwa kuwa ya uzito huo ni kama udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumshambulia mwenzako, na ukaidi mkubwa. Kuperuzi mitandao ya kijamii hakumo. Ili kufikie huko, lazima kubebe kimojawapo ndani yake: mtu alionywa kwa maandishi, akaendelea kwa makusudi, au alidanganya. Kwa matumizi ya kawaida, njia inayostahili ni onyo la mdomo, onyo la maandishi, onyo la mwisho, na kila onyo litaje tabia yenyewe na tarehe.

Ushahidi ndio sehemu inayohitaji umakini kuliko zote, kwa sababu karatasi iliyochapwa na mtu wa TEHAMA huonekana kama haina shaka. Chukua mstari mmoja wa kumbukumbu za mtandao, yaani orodha ambayo mitambo hujiandikia ya tovuti zilizofunguliwa: 10:04, kompyuta 192.168.1.47, youtube.com, megabaiti 38. Mitambo mingi huandika kumbukumbu kwa saa ya kimataifa, UTC, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Kwa hiyo 10:04 hiyo ni 13:04 kwetu, yaani saa saba na dakika nne mchana, wakati wa chakula. Asiyebadilisha ataandika kwenye hati ya mashtaka kwamba mtu alikuwa YouTube saa nne asubuhi. Jambo la kwanza la kuuliza kwenye kikao cha nidhamu ni: saa hizi ni za wapi?

La pili ni namba ya kompyuta. Namba hizo mara nyingi hugawiwa upya na ruta; .47 ya Jumatatu inaweza kuwa ya mtu mwingine Jumatano. Bila orodha ya ugawaji ya siku ile, namba haimtaji mtu. Na hata kompyuta ikijulikana, lazima ijulikane nani aliikalia. Mapokezi na kaunta hutumia mashine moja kwa zamu, na nywila imebandikwa chini ya kibodi.

Kisha kuna hesabu ya muda. Ukurasa wa barua pepe au Facebook ulioachwa wazi hujisasisha wenyewe kila baada ya muda mfupi. Ukifunguliwa saa mbili asubuhi ukasahaulika hadi jioni, kumbukumbu zitaonyesha siku nzima ya "matumizi". Vilevile tovuti ya gazeti inaweza kuvuta vitufe vya Facebook na video za YouTube bila msomaji kubofya chochote, na majina hayo yakaingia kwenye orodha. Tena, kwa tovuti zilizosimbwa (zinazoficha data njiani, za https), ambazo leo ndizo nyingi, kumbukumbu za kawaida za mtandao huonyesha jina la tovuti na kiasi cha data, si kurasa zilizosomwa. Jina la youtube.com halisemi kama ni muziki au somo la Excel alilotumwa na bosi wake.

Ushahidi wenye nguvu huunganisha vitu kadhaa: rekodi ya mtu kuingia kwa jina lake, historia ya kivinjari ya akaunti hiyo, kiasi cha data kisichoelezeka kwa kurasa zilizojisasisha, na kazi mahususi ambayo haikufanyika siku hiyo.

Mwajiri naye ana mipaka katika kuchungulia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha na mawasiliano. Ya Kenya inafanya hivyo katika ibara ya 31. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kesi inayofaa kusomwa, ingawa haifungi mahakama zetu, ni ya Bărbulescu dhidi ya Romania. Mfanyakazi alifungua akaunti ya Yahoo Messenger kwa agizo la mwajiri ili kujibu wateja. Julai 2007 mawasiliano yake yalifuatiliwa, yakakutwa mazungumzo na ndugu yake na mchumba wake, akafukuzwa. Kanuni ya kampuni ilikataza waziwazi matumizi binafsi. Hata hivyo, tarehe 5 Septemba 2017 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Mahakama za Romania hazikuchunguza kama aliarifiwa mapema kwamba mawasiliano yatafuatiliwa na kwa kina gani, wala kama palikuwa na njia nyepesi zaidi kuliko kusoma ujumbe wenyewe. Kukataza ni jambo moja. Kutoa taarifa ya kufuatilia ni jingine.

Utaratibu wa Tanzania huanza na uchunguzi. Mfanyakazi apewe tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Ana haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kuona ushahidi, na kuwauliza maswali mashahidi, akiwemo huyo wa TEHAMA. Mwenyekiti wa kikao awe wa ngazi ya juu ya kutosha na asiwe amehusika na tukio. Barua ya kukutaka ujieleze peke yake haichukui nafasi ya kikao. Ukiipata, jibu kwa maandishi, bakia na nakala, na omba kumbukumbu kamili badala ya kurasa chache zilizochaguliwa. Usifute chochote kwenye kompyuta. Kufuta huzaa shtaka la pili, na mara nyingi ndilo linaloshikika.

Kenya, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri lazima amweleze mfanyakazi sababu mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama na kumsikiliza, hata anapotaka kumfukuza papo hapo. Kupuuza kazi kwa makusudi kumo kwenye orodha ya makosa mazito ya sheria hiyo, kwa hiyo mashtaka ya intaneti huko yanaweza kuandikwa kwa sura ya uzembe. Fidia ya aliyeachishwa isivyo haki inaweza kufika mshahara ghafi wa miezi 12.

Asiyeridhika Tanzania hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Na. 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Siku hizo hupotea haraka kwa wanaosubiri kuitwa kwa mazungumzo. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 na kueleza sababu za kuridhisha. Mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo halindwi na masharti haya ya usitishaji usio wa haki, na watumishi wa umma wana ngazi zao za rufaa.

Hata ikithibitika kwamba usitishaji ulikuwa wa haki, mfanyakazi analipwa siku alizofanya kazi na likizo aliyojikusanyia, hupewa cheti cha utumishi, na hulipiwa usafiri kama aliajiriwa kutoka mahali pengine. Kinachopotea ni kiinua mgongo cha kuachishwa, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka hadi miaka 10, ambacho hakilipwi kwa aliyeondolewa kihalali kwa utovu wa nidhamu.