Wagonjwa Wangu wa Aprili

Masika yakishaanza Moshi na magari ya watalii yakapungua mjini, chumba changu cha ushauri ndipo kinapojaa. Wanaokuja ni wapishi wa mlimani, waongozaji, wagumu wanaobeba mizigo, madereva wa safari, akina dada wa mapokezi na wahudumu wa vyumba. Ni watu ambao Julai na Agosti hawakupata hata nafasi ya kwenda kumzika jirani.

Wachache sana huanza kwa kusema wana mawazo. Wanakuja na bahasha ya majibu ya maabara. Malaria haipo, taifodi imeshatibiwa, dawa za vidonda vya tumbo zimekwisha, na kichwa bado kinauma, kifua kinabana, usingizi unakatika saa nane usiku. Maumivu hayo ni ya kweli. Mtu akiishi miezi mingi katika hali ya tahadhari, mwili humwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, kila siku; misuli hukaza, tumbo huvurugika, usingizi huwa mwepesi. Msimu ukiwa umechangamka, kazi yenyewe humsukuma asonge mbele. Kazi ikisimama ndipo anapogundua amebaki na nini.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na hili ndilo ninalotaka waajiri wa Moshi na Arusha walisikie: sehemu kubwa ya ninachokitibu Aprili kilitengenezwa na ratiba ya Julai.

Hali ya kuchakazwa na kazi ilianza kuandikwa kitaalamu mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, aliyeiona kwa watoa huduma wenzake Marekani. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaieleza kwa dalili tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi: mwongozaji aliyependa kuwaeleza wageni jinsi msitu unavyobadilika wanavyopanda, sasa anajibu ndiyo na hapana tu. Ya tatu ni kujiona hufai tena kwa kazi uliyoimudu miaka yote. Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Liliiweka miongoni mwa mambo yanayotokana na kazi, na kwangu hilo lina uzito, maana linatulazimisha kuiangalia kazi yenyewe na siyo mtu peke yake.

Sonona ni jambo jingine, ingawa huingiliana nayo. Mtu akiwa na huzuni nzito, au akakosa hamu ya vitu vyote, hata vya nyumbani na kanisani au msikitini, sehemu kubwa ya siku na karibu kila siku kwa wiki mbili, huyo anahitaji kupimwa na kutibiwa. Likizo pekee haitamtosha.

Nikirudi kwenye ratiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, isipokuwa kuwe na makubaliano ya maandishi. Inaweka pia saa 24 za kupumzika kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Wamiliki wengi wa hoteli huzisoma namba hizi kama gharama. Mimi nazisoma kama kinga ya ubongo. Dada anayefunga mapokezi saa tano usiku kisha akafungua saa kumi na mbili asubuhi hapati usingizi wa kutosha hata akipanga chumba jirani na hoteli, na baada ya wiki mbili za hivyo utaona anakosea hesabu, anamfokea mgeni, analia stoo. Bosi humwandikia barua ya onyo. Ningependa kabla ya barua hiyo aangalie zamu alizompangia.

Fedha nayo. Wengi wa watu hawa ni deiwaka: safari ikiwepo wanalipwa, isipokuwepo hawalipwi, na tipu ndiyo inayolipa ada ya Januari. Ifikapo Aprili mtu ameshaingia vikoba viwili na mkopo wa kausha damu. Siwezi kumfundisha kupumua taratibu nikategemea hofu hiyo itayeyuka. Mwajiri anaweza kulipa kwa tarehe aliyoahidi, kuweka wazi kabla ya kupanda mlima jinsi tipu itakavyogawanywa, na kutoa ratiba mapema ili mtu ajue lini atakuwa na kazi na lini hana. Kutojua huumiza kuliko watu wanavyodhani.

Mara nyingi kampuni hunialika kutoa mada ya saa mbili kwa wafanyakazi. Naenda, na naona watu wanavyosikiliza kwa kiu. Lakini mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unagusa pia mpangilio wa kazi na mafunzo kwa mameneja, na uzoefu wangu unakubaliana nao. Meneja mmoja aliyejifunza kuuliza vizuri hunipunguzia wagonjwa wengi.

Kuuliza vizuri kuna namna yake. Ukimuuliza mtu mbele ya wenzake kama yuko sawa, atajibu yuko sawa. Mwite pembeni, ukiwa huna haraka, na anza na vitu vinavyosemeka: unalalaje siku hizi? Chakula kinapita? Kama msimamizi ni kijana na mpishi ana umri wa baba yake, amwamkie kwanza kwa heshima: "Shikamoo, mzee. Naona siku hizi umenyamaza sana, nikaona nije nikuulize." Kisha anyamaze, asikilize, asikimbilie kumwambia aombe tu au ajikaze. Maombi anayajua. Na alichosikia kisifike jikoni, kwa sababu siri ikivuja mara moja hakuna mwingine atakayekuja.

Mlimani kuna jambo zito zaidi. Mwongozaji anaondoka kambini karibu na usiku wa manane kuelekea kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, akiwa amebeba dhamana ya uhai wa mtu, na mara nyingine mgeni huzidiwa, au mgumu mwenzao hufariki. Timu ikishuka na msiba wa namna hiyo, msiwakusanye na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichoona. WHO haipendekezi hivyo. Wapeni chakula cha moto, pa kulala, simu ya kuongea na familia, na mtu mtulivu wa kukaa nao kwa yule atakayetaka kusema. Msiwapandishe tena kesho yake. Wiki chache zikipita na mtu bado anaota tukio lile au anaogopa kurudi, mleteni kwa mtaalamu.

Mfanyakazi akihitaji kupumzishwa, sheria hiyo hiyo inatoa hadi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Waajiriwa wa msimu nao wametajwa kwenye masharti ya likizo yenye malipo, kwa hiyo waulizeni maofisa kazi kabla hamjawaambia hawana haki. Akirudi, aanze na zamu za mchana na siku chache, na mkutane naye kila wiki kuona anavyoendelea.

Na akisema anatamani kufa, au kwamba familia ingekuwa nafuu bila yeye, msimwache peke yake hata kwa nusu saa. Ondoeni dawa na sumu karibu naye, na mmpeleke siku hiyo hiyo hospitali: KCMC au Mawenzi kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha. Aende na mtu anayemwamini, na huyo abaki naye mpaka aonwe.