Kuzalia Marekani hakumpi mzazi makaratasi

"Ukizalia Marekani, umeshapata makaratasi." Yaani kibali cha kuishi huko kihalali. Kauli hii imezunguka kwa miaka mingi, na inauma kuona watu wakiuza kiwanja kwa kuiamini. Si kweli.

Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, ndiyo msingi wa uraia wa mtoto anayezaliwa huko. Mtoto, basi. Mama anabaki na hadhi ileile aliyoingia nayo. Aliyekwenda kwa viza ya matembezi, muda ukiisha anatakiwa kuondoka, kichanga akiwa mgongoni.

Ni kweli mtoto anaweza kumwombea mzazi ukaazi wa kudumu kwa fomu I-130, lakini si kabla hajatimiza miaka 21. Hata hapo, njia uliyoingilia ina uzito mkubwa. Aliyegongewa muhuri uwanja wa ndege kwa kawaida anaweza kukamilisha maombi akiwa hukohuko, hata kama muda wake ulishapita. Aliyevuka mpaka kwa kujificha kwa kawaida hulazimika kutoka kwanza, na akitoka baada ya kukaa mwaka au zaidi kinyume cha sheria, sheria ya 1996 inamzuia kurudi kwa miaka 10. Msamaha upo, ila huangalia dhiki itakayompata mwenzi au mzazi wake aliye raia au mkaazi. Dhiki ya mtoto, yule aliyetegemewa tangu mwanzo, haihesabiwi.

Tena, tangu Januari 2020, ofisa wa ubalozi akiamini safari yako lengo lake kuu ni kuzalia huko ili mtoto apate uraia, anakunyima viza ya matembezi.