Mita 60 siyo ukuta wa mafuriko

Jana tena. Jamaa kanipigia, anataka kununua kiwanja jirani na mto Msimbazi hapa Dar, dalali kamwambia "bosi hapa tuko nje ya mita 60, maji hayafiki". Sasa hayo maji nani kayapa taarifa?

Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo za mto ndani ya mita 60. Basi. Inalinda ukingo wa mto, sebule yako haiijui. Jangwani, huku chini mto unakopita, ni bonde tambarare, maji yakipanda yanatambaa, yalishawahi hata kuogesha mabasi ya mwendokasi kwenye karakana ya hapo, wakati huko juu Pugu mto bado mwembamba kwenye makorongo, ila namba ni ileile kote. Ukitaka kujua kama utalowa angalia mwinuko wa ardhi, achana na tepu.

Halafu tepu yenyewe unaianzia wapi? Hapa ndo huwa napandwa presha. Kuna wanaoanzia katikati ya mto, kuna wanaoanzia maji yalipoishia wakati wa kiangazi mto umebaki kamfereji, yaani kila mtu anaanzia panapomfaa. Unaanzia kwenye ukingo jamani! Tatizo ukingo wa Msimbazi nao hautulii, mchanga na taka zinajaa upande huu, maji yanakula upande ule, wachimba mchanga nao wapo kazini, kwahiyo mtu alijenga mbali kabisa na mto ukamfuata. Kuna mzee alishanionesha mwembe, "mwanangu, mto ulikuwa unapita nyuma ya ule". Sasa ile X nyekundu ya kubomolewa nimpige yeye au mto? Mpaka leo sina jibu.

Leseni ya makazi na risiti za kodi ya jengo hazizuii maji, tusirudie tena hili.

Na bomoabomoa pia, nikiri tu, siiamini kama zamani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini, wapo waliorudi bondeni, na siwalaumu, kibarua kiko Kariakoo nauli utatoa wapi kila siku? Na eneo ukilisafisha ukaliacha bila mwenyewe, linageuka jalala.

Huyo jamaa nimemwambia asilipe hata senti, aende kwanza awaulize majirani 2011 maji yaliishia tofali la ngapi, halafu arudi tena Aprili na mabuti.