"Mawe matupu" ndiyo somo lenyewe

Muhula mpya ukikaribia, kijana wa Unguja anayepanda boti kwenda Dar es Salaam au Dodoma kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, hakosi kuulizwa barazani: "Kwetu kuna dhahabu gani? Kisiwa chote mawe matupu!" Wengi wanadhani jiolojia ni migodi ya Geita basi.

Hebu sogelea ukuta wa Mji Mkongwe pale chokaa ilipobanduka. Jiwe lina vijitundu vyenye mistari mfano wa nyota. Humo aliishi kiumbe wa tumbawe, maelfu mengi ya miaka nyuma, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Saga kipande, kidondoshee siki: kitatoa povu. Maabara wanafanya hivyohivyo kwa asidi.

Mwamba huu huyeyuka polepole kwa maji ya mvua, ndiyo maana Jambiani na Makunduchi kuna mapango, na maji yetu ya bomba karibu yote yanatoka ardhini. Sultani Barghash aliyavuta ya chemchemi ya Bububu hadi mjini katika karne ya 19. Lakini mwamba wenye matundu hupitisha na maji ya makaro vilevile, jambo ambalo wajenzi wetu hawapendi kulisikia.

Wala usikubali kuambiwa Unguja na Pemba ni pacha. Zama za barafu, bahari iliposhuka, mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara, ambao kina chake hakifiki mita 100, ulikauka na Unguja ikaungana na bara. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kisiwa hicho kimejitenga kwa mamilioni ya miaka.