Eti pikapu haikwami?

Ile meseji ya "pikapu haikwami, SUV ni urembo wa mjini" imerudi tena kwenye magrupu, jamani tuache kuifowadi, maana kuna mtu anaweza kuuza gari zuri kisa hiyo. Prado (SUV) na Hilux (pikapu) zote zimekaa juu ya chasisi, we inama uchungulie chini utaona zile reli mbili za chuma toka mbele hadi nyuma, ila kwenye RAV4, nayo SUV, huzioni, na hapo ndo watu wanapochanganya, wanadhani SUV zote ni kitu kimoja.

Halafu pikapu ikiwa tupu nyuma inakua nyepesi, sasa kwenye udongo wa mbuga (ule mweusi wa mfinyanzi) kule Misungwi, Mwanza, mvua ikishapiga, tairi za nyuma zinazunguka bure na mkia unateleza, usipowasha foo-wili (tairi zote nne zisukume) ndo basi tena. Ipakie magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba uone inavyotulia, springi zake za nyuma ni za mzigo. Prado yenye springi za koili (za kujiviringisha) haiwarushi rushi watoto njiani, ila mzigo wa tani moja usiibebeshe. Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitabu cha gari, kisome kabla hujamsikiliza admin (hata mimi).