Je, kioo huvuta radi?

Mvua ikianza kunguruma, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki vioo hufunikwa kwa kanga, na aliyevaa nguo nyekundu huambiwa akabadilishe. Inaaminika kwamba kioo na rangi nyekundu huvuta radi. Ni imani ya siku nyingi, na wanaoifuata wanataka kulinda watoto wao.

Kioo hurudisha mwanga tu. Radi ni umeme unaotafuta njia kati ya wingu na ardhi, na mara nyingi huipata kwenye kitu kirefu, chenye ncha au kilichosimama peke yake: mnazi, mnara, mtu aliye katikati ya shamba. Rangi ya shati haibadilishi chochote. Angalia miti iliyowahi kupasuliwa na radi kijijini kwenu. Haikuwa na kioo wala kitambaa chekundu.

Ninachohofia ni yule aliyefunika vioo vyote nyumbani, kisha mvua ikamkuta njiani akajikinga chini ya mwembe. Kando ya Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi mno, kosa hilo huua.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, ingia kwenye nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma, ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukiwa ndani, usiguse mabomba ya maji wala vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme.