Kiatu cha balerina ni kiatu gani hasa?

Chukua simpo yoyote, yaani kiatu bapa cha kike, yenye fundo dogo la utepe mbele, pale juu ya vidole, ulitazame fundo hilo kwa karibu. Halifungi kitu wala halikazi kitu. Kwenye jozi nyingi limebandikwa kwa gundi tu, au limeshikizwa kwa nyuzi mbili tatu. Lakini hapo mwanzo lilikuwa na kazi yake. Kiatu cha mazoezi ya baleti kina pindo ukingoni kote, na ndani ya pindo imepita kamba nyembamba, kama ile ya suruali ya kulalia. Mchezaji anavaa, anavuta ncha mbili za kamba mpaka kiatu kimkamate mguu, anafunga fundo mbele, kisha anazichomeka ncha ndani zisionekane. Kiatu kilipohamia mtaani kamba iliondoka, fundo likabaki.

Hicho ndicho kiatu cha balerina: kiatu bapa na chepesi, chenye mdomo wa mviringo, kilichokatwa chini mbele kiasi cha kuacha wazi mgongo wa mguu, kwa kuiga kiatu cha wacheza baleti. Neno balerina ni la Kiitaliano, na maana yake ni mwanamke mcheza dansi. Dar es Salaam wengi tunakiita simpo tu, na hakuna ubaya, ingawa jina hilo linaficha safari ndefu ambayo kiatu hiki kilisafiri katika miaka ya 1940 na 1950.

Watu wengi hukosea hapa. Wakisikia baleti wanafikiria kile kiatu cha satini chenye riboni za kuzungushwa kifundoni, ambacho mchezaji anasimama nacho juu ya ncha za vidole. Kile ni kigumu. Mbele kimejengwa kwa matabaka ya kitambaa na gundi mpaka kikawa kama kikombe, na huwezi kwenda nacho sokoni. Kilichotoka kwenda mtaani ni ndugu yake mnyonge, kiatu cha mazoezi. Nalikazia jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza umbo lake lote. Sehemu kubwa ya siku ya mcheza baleti haipiti jukwaani. Inapita chumbani, ameshika ufito wa ukutani, anarudia mwendo uleule mara mia. Anachohitaji ni kiatu kinachomruhusu kuisikia sakafu kwa unyayo na kuunyoosha mguu mpaka mwisho. Kwa hiyo fundi hukata ngozi laini au turubai, akaishona kwenye soli iliyo ndogo kuliko unyayo wenyewe, yote ikiwa ndani nje, kisha akakipindua kiatu kama mtu anavyopindua foronya. Ngozi inayozidi mbele huikusanya kwa marinda madogo chini ya vidole. Mshono haumkwaruzi mvaaji.

Kilichokitoa chumbani ni vita. Februari 1943 serikali ya Marekani iliweka mgao wa viatu, jozi 3 kwa mtu kwa mwaka, maana ngozi ilikuwa ikitakiwa kwa buti za askari. Viatu vya kuchezea baleti havikubanwa na mgao huo. Mbunifu Claire McCardell wa New York, ambaye nguo zake zilikuwa za mwanamke anayefanya kazi, anayepika na kudandia basi, alikuwa anatafuta viatu vya kuendana nazo. Katika miaka hiyohiyo ya vita akawaendea Capezio.

Capezio hawakuwa watu wa mitindo. Salvatore Capezio, kijana mhamiaji kutoka Italia, alifungua kibanda chake cha kutengeneza viatu New York mwaka 1887, karibu na jumba la Metropolitan Opera, akaanza kwa kuziba na kushona viatu vya waimbaji na wachezaji, kisha akajifunza kuvitengeneza upya. McCardell alichotaka kwao kilikuwa kidogo sana: kiatu kilekile cha mazoezi, ila kiwekewe soli ngumu zaidi ya kukanyagia lami, na juu kivikwe kitambaa kinachofanana na gauni. Basi. Wanamitindo wake wakatembea navyo, na baada ya muda maduka makubwa yakaanza kuviuza kwa wateja ambao hawakuwahi kuingia darasa la baleti.

Mimi humheshimu McCardell kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Angeweza kuchukua mapambo ya jukwaani. Akachukua kitu cha kazi.

Paris walichukua njia nyingine. Tarehe 12 Februari 1947 mbunifu Christian Dior alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza, uliokuja kuitwa New Look: kiuno kimebanwa, mabega yameteremka, sketi imefunguka kama ua. Hapo ndipo jukwaa lilipoonekana wazi katika nguo. Sketi pana inayoishia chini ya katikati ya muundi, juu kidogo ya kifundo, wauza nguo waliiita sketi ya urefu wa balerina, kwa kuwa inafanana na zile sketi ndefu za shashi za baleti ya karne ya 19, tangu enzi ya mcheza baleti Marie Taglioni mwaka 1832. Wengine walikasirika kuona vitambaa vikimwagwa namna ile wakati Waingereza walikuwa bado wananunua nguo kwa kuponi, jambo lililoendelea mpaka Machi 1949. Hata hivyo wacheza baleti wenyewe walimpenda Dior. Margot Fonteyn, nyota wa baleti ya Uingereza, alikuwa mteja wake, na Dior naye mwaka huohuo wa 1947 alibuni mavazi ya onyesho la Mfaransa Roland Petit, mcheza baleti na mtunzi wa michezo yake.

Mama yake Petit aliitwa Rose Repetto. Kijana alikuwa akirudi nyumbani miguu inamuuma, na mama akaanza kumtengenezea viatu. Mwaka 1947 alikuwa na karakana yake karibu na jumba la Opera la Paris, akitumia ushonaji uleule wa kupindua. Kisha mwaka 1956 mwigizaji Brigitte Bardot, ambaye kabla ya sinema alisomea baleti, alimwomba amtengenezee kiatu cha mtaani chenye wepesi wa kile alichokizoea darasani. Repetto akamshonea, akakiita Cendrillon, jina la Kifaransa la yule msichana wa hadithi aliyepoteza kiatu. Bardot akakivaa kwenye filamu, na baada ya hapo kila msichana Ufaransa alikitaka.

Mwigizaji Audrey Hepburn naye alitokea kwenye baleti. Alijifunza baleti Uholanzi wakati wa vita, akaenda London kwa mwalimu wa baleti Marie Rambert, na huko ikaonekana kwamba urefu wake na njaa ya vita vimemfungia njia ya kuwa mchezaji mkuu. Akahamia kwenye uigizaji, ila viatu bapa hakuviacha. Fundi Salvatore Ferragamo wa Florence alimtengenezea vya kwake mwaka 1954. Na hiki kilikuwa kipindi ambacho visigino vyembamba kama msumari vilikuwa vinapanda kila mwaka.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. Kiatu cha mazoezi kilibuniwa kwa sakafu ya mbao, kwa mguu uliofundishwa tangu utoto. Ndiyo maana McCardell aliomba soli iongezwe. Simpo nyingi za bei rahisi zina soli nyembamba kama ya mchezaji na juu yake plastiki isiyokunjika, yaani zimechukua udhaifu wa kiatu cha baleti zikaacha ulaini wake, na anayelipa ni kisigino chako jioni.

Siku moja pale soko la Karume nilimwona muuza mtumba akimwonyesha dada mmoja jozi nyeusi ya ngozi. Aliikunja katikati mpaka mdomo ukagusa kisigino, akaiachia, nayo ikajinyoosha taratibu mkononi mwake. Kisha akaingiza kidole ndani, akakipitisha ukingoni kote. Mshono haukuonekana. Dada akalipa bila kuomba apunguziwe.